Unataka uongozi kwenye chama cha madaktari wa Mohs? Anzia kwenye kamati

Kama unafanya upasuaji wa Mohs huko Marekani, ule wa kutoa saratani ya ngozi tabaka kwa tabaka na kuicheki kwenye hadubini siku hiyohiyo mpaka kingo zisiwe na saratani tena, na sasa unataka kuingia kwenye bodi ya ACMS (American College of Mohs Surgery), chama cha madaktari hao kilichoanza 1967, usikimbilie urais. Omba kamati kwanza, hata ile yenye kazi nyingi isiyoonekana, hudhuria vikao vyote, ukipewa ripoti ipeleke kabla ya siku yake. Alafu tafuta mtu aliyewahi kukaa kwenye bodi ayapitie maelezo yako ya kugombea, maana wengi wanajaza vyeo tu hawasemi watamfanyia nini mgonjwa mwenye kidonda puani anayesubiria miadi. Hilo ndo uliandike mstari wa kwanza kabisa.