Ukitafuta chumba cha kupanga Dar, ijue kwanza lugha yetu madalali

Nina miaka 11 kwenye udalali wa vyumba huku Temeke, na ugomvi mwingi na wateja umeletwa na neno moja: masta. Mteja akisikia "chumba masta" anawaza choo cha ndani. Wapo wenzangu wanaoita masta hata chumba ambacho choo chake kiko uani, mradi ufunguo ni wako peke yako. Kwa hiyo usiulize, "Ni masta?" Uliza hivi: "Usiku nikibanwa, natoka nje au sitoki?" Hapo dalali hana pa kujificha.

Singo ni chumba kimoja, choo cha kuchangia. Kwenye "chumba na sebule" angalia ukuta wa kati, maana sebule nyingine ni pazia tu. Jiko kama hukulitaja, usitegemee kulikuta.

Nyumba zetu za Kiswahili zina baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Ukiambiwa chumba kiko "nyumba kubwa", kiko kwenye korido hiyo. "Banda la uani" ni vile vyumba vya nyuma. Watu wanalikimbia neno banda kana kwamba watalala na kuku! Mimi mwenyewe nimeishi banda la uani miaka 4. Bati liko chini, mchana unaiva, lakini banda lilikuwa na njia yake ya ubavuni, nikichelewa kurudi simwamshi mwenye nyumba.

Uliza pia LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako au ya kuchangia. Ya kuchangia ina maneno: mwenye friji na mwenye taa moja mnatoa sawasawa. Na ukiambiwa kituo cha daladala ni "dakika tano kwa miguu", tembea mwenyewe uhesabu.

Kodi wengi wanataka ya miezi 6, juu yake mwezi mmoja wa dalali. Msinichukie, ndiyo kazi.

Kabla ya kulipa, njoo na futikamba. Pima chumba, kisha pima na korido. Kuna mama nilimpeleka Tandika, akakipenda chumba, akalipa. Siku ya kuhamia, kabati lake la milango mitatu likagoma kwenye kona ya korido. Lililala barazani siku mbili, likanyeshewa, hadi fundi akaja kulifungua vipande. Hela ya fundi nilitoa mimi.