Mlingoti kwanza, ziwa baadaye

Kila mwaka rafiki zangu huniuliza njia ya kufika ziwa Champlain, lililo mpakani mwa majimbo ya New York na Vermont, kwa mashua ya tanga kutoka jiji la New York, na jibu langu ni lilelile: ziwa halina tabu, tabu ni mlingoti.

Ng'oa nanga maji yanapoanza kujaa. Mto Hudson hujaa na kupwa kama Lamu kwetu, hadi mji wa Troy, zaidi ya kilomita 240 kutoka baharini. Ukipanda na maji kupwa utachoma mafuta bure. Simama Catskill au Castleton mlingoti ushushwe, kwa sababu madaraja ya mfereji wa Champlain, unaounganisha mto huo na ziwa, yanaacha kama mita 4.7 tu juu ya maji.

Kabla haujashushwa, funga utepe wa rangi kwenye kila waya wake. Mimi mara ya kwanza nilisema nitakumbuka. Nilipofika kuusimamisha, nikashinda asubuhi nzima nikijaribu waya huu na ule kama anayetafuta ufunguo gizani. Ulaze juu ya mbao mbili, ncha itokeze nyuma ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo. Ncha hiyo ndiyo adui. Yangu ilitokeza mita moja na nusu; kwenye loki ya pili (loki ni chumba cha mfereji chenye milango, ambamo maji huinua au kushusha chombo) upepo ukasukuma tezi, nikasikia kraa! Taa ya kileleni ikabaki vipandevipande kwenye saruji. Siku hizi naifungua taa kabla na kuilaza kitandani.

Loki zimepewa namba hadi 12 lakini ni 11, ya 10 haipo. Mwite mlinzi kwa redio, chaneli 13. Ning'iniza dafrao kuukuu, zile za kukinga ubavu usigongwe, pande zote mbili, kuta zina ute. Nane za kwanza zinakuinua, tatu zinakushusha hadi Whitehall, mji ambako mfereji unaishia. Hapo kwenye kushuka, kamba ishike mkononi, usiifunge: maji yakipungua, chombo kilichofungwa kitaning'inia ukutani.

Baada ya Whitehall ziwa bado ni jembamba kama mto, endelea na mashine. Linafunguka kuanzia Crown Point, na hapo mlingoti uwe umeshasimama. Kumwaga choo ziwani ni marufuku, hata kilichotiwa dawa.

Mimi nanga ya kwanza huitia kisiwa cha Valcour, ambako Benedict Arnold, jenerali wa Wamarekani katika vita vya uhuru, alizificha meli zake Oktoba 1776 akiwasubiri Waingereza. Maji ni safi, lakini ya baridi mno. Kabla ya Julai naoga kwa ndoo.