Koo la mtoto: litazame kwanza, dawa baadaye

Kusi ikianza kuvuma hapa Tanga, dukani kwangu Ngamiani hawakosi kina mama wenye watoto begani. "Dada, koo linamuuma, nipe zile za rangi mbili, kumi tu." Nauza dawa mwaka wa 11 sasa, na kabla sijagusa kabati huwa naomba tumtazame.

Msimamishe mlangoni penye mwanga, washa tochi ya simu. Osha mpini wa kijiko, aseme "aaa", kandamiza ulimi katikati. Ukifika nyuma sana atatapika. Ukiona wekundu tu, naye ana mafua, anakohoa, sauti imekauka, hao ni virusi. Antibayotiki, kama hizo za rangi mbili, haiwagusi; koo hupoa lenyewe ndani ya wiki moja hivi. Lakini mafindofindo yakiwa yamevimba na yana utando mweupe, homa imefika 38, tezi za chini ya taya zinauma ukizigusa, na hakohoi, mpeleke kituo cha afya akapimwe, hasa mwenye miaka 5 hadi 15. Bakteria wa koo wasipotibiwa wanaweza kuleta homa ya baridi yabisi, inayoharibu valvu za moyo. Akiandikiwa penisilini ya siku 10, azimeze siku zote 10. Homa hushuka mapema, na hapo ndipo wengi huweka zilizobaki kwa ajili ya mdogo wake. Tafadhali msifanye hivyo.

Kuna jambo linaniuma zaidi: kukata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Nililetewa mtoto wa miaka miwili, khanga ya mama imelowa damu kifuani, kwa kuwa bibi aliambiwa kimeo kimerefuka. Mama zangu, koo likiwaka kila kitu humo huvimba, na kimeo nacho, likipoa, hurudi. Kinyama hicho kinasaidia chakula kisipande puani. Kukikata ni kualika damu, usaha na pepopunda.

Nyumbani, mkubwa au mtoto anayeweza kutema asukutue kwa maji ya uvuguvugu, glasi moja na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Asali inatuliza, ila asiyetimiza mwaka mmoja asilambishwe kabisa. Parasetamoli hupimwa kwa uzito wa mtoto, aspirini usimpe. Uji mwepesi wa mchele, dafu, hata barafu: wengi huikataza, kumbe ubaridi hupunguza maumivu.

Mtu mzima ni hayo hayo, na sigara aiache. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, akaonwe na daktari.

Mtoto akidondosha udenda kwa kushindwa kumeza, akikoroma anapovuta pumzi, au hawezi kufungua kinywa, usimtie kijiko wala usimlaze. Mkalishe wima mapajani, ita bajaji, nendeni hospitali ya Bombo saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.