Somo: Jinsi ya kutambua mkwaruzo wa pluresi kwa stetoskopu

Mgonjwa anaingia kaubana ubavu kwa mkono, anavuta pumzi fupi fupi, kukohoa anaogopa. Ukimuuliza, anakuambia kichomi. Hapo wengi wetu tunakimbilia kuandika nimonia. Inaweza kuwa nimonia kweli, lakini kwanza sikiliza.

Pafu limezungukwa na utando wenye tabaka mbili. La ndani limeshikana na pafu lenyewe, la nje limeshikana na ukuta wa kifua na kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo). Katikati kuna majimaji kidogo sana, kiasi cha mililita 10 kila upande kwa mtu mzima, yanayolainisha tabaka hizo ziteleze kila tunapopumua. Utando ukivimba, hali inayoitwa pluresi, fibrini (protini ya nyuzinyuzi) hujitanda juu yake, ukawa na mikwaruzo. Tabaka zikisuguana zinalia kama ngozi ngumu ya kiatu kipya. Maumivu yanatoka tabaka la nje, kwa sababu la ndani halina neva za maumivu.

Hatua ya 1. Funga mlango, zima feni, mgonjwa akae wima na avue nguo ya juu (kwa staha, mfunike sehemu usiyoipima). Usisikilize juu ya shati. Kitambaa kikigusa stetoskopu kinatoa sauti itakayokudanganya, na nywele za kifuani vilevile. Nywele zilowanishe kidogo kwa maji, au ukandamize stetoskopu vizuri.

Hatua ya 2. Mwambie akuoneshe kwa kidole kimoja panapouma. Halafu usianzie hapo! Anza upande usiouma, sikio lipate kipimo, ndipo uhamie upande wenye shida. Mkwaruzo husikika zaidi chini ya kwapa na kwenye mbavu za chini, maana huko pafu linasogea sana. Eneo lenyewe linaweza kuwa dogo mno. Ukisogeza mkono vidole viwili tu, umeupoteza. Tafuta polepole.

Hatua ya 3. Avute pumzi ndefu kwa mdomo. Atakunyima, kwa sababu inamuuma, kwa hiyo mwombe pumzi mbili au tatu kisha apumzike. Sauti huja wakati wa kuvuta na wakati wa kutoa pumzi, mara nyingi mwishoni mwa kuvuta na mwanzoni mwa kutoa. Ni kavu, ya kukatikakatika, na utadhani iko karibu kabisa na sikio lako.

Hatua ya 4. Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayotoa jibu. Mwambie abane pumzi. Mkwaruzo ukinyamaza, unatoka kwenye utando wa pafu. Ukiendelea kwa kufuata mapigo ya moyo, fikiria utando wa moyo. Kisha akohoe. Sauti za makohozi hubadilika au hupotea baada ya kukohoa. Mkwaruzo hubaki vilevile. Miluzi ya pumu haitakuchanganya, ile ina mlio wa muziki.

Hatua ya 5. Gonga kifua kwa vidole, pande zote mbili, ukilinganisha, kutafuta sauti nzito ya maji.

Ukishaupata mkwaruzo bado hujapata ugonjwa. Chanzo kinaweza kuwa virusi, nimonia, kifua kikuu, bonge la damu lililoziba mshipa wa pafu, lupasi (kinga ya mwili kushambulia mwili wenyewe), baridi yabisi, figo kushindwa kazi au saratani. Mgonjwa anayehema kwa shida, anayekohoa damu, aliyezimia au mwenye midomo ya bluu asisubiri vipimo vya kawaida. Huyo ni wa dharura.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nina mgonjwa, jana mkwaruzo ulikuwa wazi kabisa, leo haupo na maumivu yamepungua. Nimruhusu?*

Marahaba. Usimruhusu kabla hujagonga kifua. Maji yakijaa kati ya tabaka, yanazitenganisha. Msuguano unaisha, maumivu yanapungua, na mgonjwa anakushukuru huku hali inazidi. Ukigonga na kukuta sauti nzito chini, na sauti ya pumzi hapo imefifia, mpeleke altrasaundi. Eksirei ya kusimama huhitaji maji kama mililita 200 ndipo yaonekane vizuri. Altrasaundi huona hata machache. Sauti ya kugonga ikiwa ya kawaida, pumzi inaingia sawa pande zote na homa imeshuka, hapo ni kweli anapona.

*Mbona wangu analalamika bega na siyo ubavu? Bega nimelipima, halina kitu.*

Kiwambo hicho. Sehemu yake ya katikati inapata neva kutoka shingoni, pingili ya 3 hadi ya 5, njia moja na ngozi ya bega. Ubongo unakosea anwani. Rudi usikilize sehemu ya chini ya kifua upande huohuo, na tumbo la juu usilisahau.

*Eksirei imetoka safi ila mkwaruzo nausikia. Niamini kipi?*

Amini vyote viwili. Utando uliovimba bila maji mara nyingi hauonekani kwenye eksirei. Ila hapo uliza: amefanyiwa upasuaji karibuni? Amelala kitandani muda mrefu? Mguu mmoja umevimba? Anatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni? Mapigo yakiwa ya kasi na oksijeni iko chini, fikiria bonge la damu haraka, usirudie eksirei.

*Ibuprofeni inatosha?*

Kwa maumivu inasaidia, na mtu akipumua vizuri pafu linafunguka. Usimpe mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au ujauzito bila ushauri wa daktari. Chanzo haikigusi: nimonia ya bakteria inataka antibiotiki, kifua kikuu kina dawa zake za miezi kadhaa.