Kupima nyota changa inameza gesi kiasi gani, kwa laptopu ya kawaida

"Mjomba, nyota yangu haili." Mpwa wangu alinipigia kutoka Kondele saa nne usiku. Mradi wake wa fizikia ni kupima gesi ambayo TW Hydrae, nyota changa, inavuta kutoka kwenye diski inayoizunguka, na jibu lake lilikuwa dogo zaidi ya mara 13 kuliko la watafiti. Tulilala saa nane. Naandika haya ili wewe ulale mapema.

Hatua ya 1. Anza na TW Hydrae, si nyingine. Iko karibu, na mbele yake karibu hakuna vumbi la kupunguza mwanga, kwa hivyo hesabu nzima ya vumbi unairuka. Spektra zake (mwanga uliopangwa kwa urefu wa mawimbi) ni bure kwenye hifadhi ya ESO, shirika la darubini la Ulaya. Chukua za X-shooter, kifaa chao cha kupimia spektra, zilizokwisha kusafishwa, upande wa mwanga unaoonekana pekee. Usimalize bando bure.

Hatua ya 2. Fungua kwa Python na astropy, maktaba yake ya unajimu wa kisayansi. Excel weka kando.

Hatua ya 3. Pima mstari wa haidrojeni ulio kwenye nanomita 656.28. Toa mwanga wa msingi, kisha jumlisha kilichobaki. Hapa ndipo usiku wetu ulipoishia. Mpwa wangu alijumlisha vizuri kabisa, tukakagua msimbo wake wa Python mstari kwa mstari, stima ikapotea, ikarudi, na kosa halikuonekana. Mwishowe nikamwambia anisomee TUNIT1 na TUNIT2, yaani vipimo vya safu za data, kwenye kichwa cha faili. Urefu wa mawimbi: nanomita. Mwanga: kwa kila angstromu! Nanomita moja ni angstromu 10, kwa hivyo jumla yake ilikuwa sehemu moja ya kumi tu. Soma vipimo kabla ya kuandika chochote. Tena usibane kingo: gesi inaanguka kwa mamia ya kilomita kwa sekunde, na mstari unatanuka. Mimi hujumlisha kutoka 654.8 hadi 657.8.

Hatua ya 4. Zidisha kwa 4πd², d ikiwa umbali wa nyota. Umbali ni parseki 60. Geuza ziwe sentimita. Gawanya kwa uangavu wa Jua, 3.83×10³³ erg kwa sekunde.

Hatua ya 5. Tumia uhusiano wa Alcalá na wenzake wa 2017: log L(mmezo) = 1.13 log L(mstari) + 1.74, yaani kutoka uangavu wa mstari unapata uangavu wa gesi inayomezwa. Ile 1.13 ndiyo iliyogeuza kosa la mara 10 likawa la mara 13 na nusu.

Hatua ya 6. Kasi ya kumeza = 1.25 × L × R ÷ (G × M): L ni ile ya mmezo, R nusukipenyo cha nyota, M tungamo lake, G kani ya mvutano thabiti. Weka R 1.1 na M 0.8 za Jua. Wengi hukariri 1.25 bila kujua inatoka wapi. Sumaku ya nyota huikata diski kwenye umbali wa takriban nusukipenyo 5 za nyota, na gesi huanza kuanguka kutoka hapo ikifuata njia za sumaku: 1 ÷ (1 − 1/5).

Alipata karibu 2×10⁻⁹ ya tungamo la Jua kwa mwaka, yaani Dunia nzima kila miaka 1,500 hivi. Kesho yake akapakua spektra ya tarehe nyingine, jibu likabadilika, akanipigia tena. Safari hii hakukosea. Nyota hizi hazili sawasawa kila siku.