Mashina mengi, mmea mmoja: kupima utofauti wa vinasaba kwenye mimea ya kloni

Kuhesabu mashina hakukuambii una mimea mingapi. Pando, msitu wa miti ya Populus tremuloides ulioko Utah, Marekani, una mashina takriban 47,000 kwenye hekta kama 43, na yote yamechipuka kutoka mizizi ya mmea mmoja. Mashina ya namna hiyo, yenye vinasaba vilevile, ndiyo kloni moja. Kwa hiyo tunaanza na DNA.

Hatua ya 1: Sampuli. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ukichuma majani ya mashina yaliyobanana, utaokota kloni ileile kila mara. Ukiyatawanya mno, kila jani litatoka kwenye mmea wake, nawe utadhani mimea hii haienei kwa machipukizi kabisa. Mimi hupendelea gridi pana yenye kiraka kimoja au viwili vya sampuli za karibu karibu, na kila shina liandikiwe mahali lilipo. Chukua jani changa, safi, ulitie papo hapo kwenye mfuko wa silika ili likauke kabla DNA haijaoza.

Hatua ya 2: Maabara. Tumia mikrosatelaiti (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, ambavyo hutofautiana kati ya mmea na mmea) za kutosha. Zikiwa chache, mimea miwili tofauti itafanana kwa bahati tu.

Hatua ya 3: Hesabu. Kipimo cha wingi wa kloni huitwa R: R = (G − 1) ÷ (N − 1), ambapo N ni idadi ya mashina uliyopima na G ni idadi ya kloni ulizopata. Mashina 50 yakitoa kloni 11, R ni 10 ÷ 49, yaani 0.20. Sifuri maana yake kloni ni moja. 1 maana yake hakuna shina lililojirudia.

Hatua ya 4: Tazama mazingira. Penye utulivu wa muda mrefu, kloni chache zenye nguvu huwabana wenzao. Usumbufu wa kiasi hufungua nafasi, miche ya mbegu ikapenya. Baridi nayo ina lake: Decodon verticillatus, mmea wa kwenye majimaji, kwenye mpaka wa kaskazini wa eneo lake huko Amerika ya Kaskazini, mara nyingi huwa kloni moja tu kwa kila kundi, kwa kuwa mbegu hazifanikiwi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mashina mawili yakitofautiana kwa aleli (toleo moja la kipande cha DNA) moja tu, ni mimea miwili?
Usikimbilie kusema hivyo, ndugu. Inaweza kuwa kosa la usomaji, au badiliko lililotokea mwilini mwa mmea wenyewe ukiwa unakua. Rudia kipimo kwanza.

R ikiwa ndogo, kundi liko hatarini?
Si lazima. Mwaka 2022 wanasayansi walitangaza kloni ya nyasi bahari Posidonia australis iliyotanda kilomita 180 huko Shark Bay, Australia, na inastawi. Lakini jaribio la Hughes na Stachowicz la mwaka 2004 kwenye nyasi bahari Zostera marina lilionyesha kwamba viwanja vyenye kloni nyingi vilipona mapema zaidi baada ya kuliwa na mabata bukini. Faida hiyo haikuonekana mpaka dhoruba ya walaji ilipopita.

Ninapanda upya nyasi bahari. Nichukue vipande wapi?
Sehemu kadhaa zilizo mbali na mbali, lakini zenye kina, chumvi na joto linalokaribiana na la shamba lako. Pima R ya vipande kabla hujavizamisha.