Kutembea pwani ya mashariki ya Unguja kwa siku nne: Matemwe hadi Makunduchi

Njia hii haina kibao. Njia ni ufuo wenyewe, na anayeufungua na kuufunga ni maji. Pwani ya mashariki ya Unguja imekingwa na mwamba, na kati ya mwamba na nchi kavu bahari ni ya kina kifupi. Maji yakipwa hubaki mchanga mtupu, pengine zaidi ya kilomita moja. Bamvu, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, likijaa, maji hupanda kiasi cha mita 4 na kugonga majabali na kuta za hoteli. Kwa hiyo panga mwezi kwanza, kitanda baadaye. Wengi hufanya kinyume, na siku ya pili utawakuta wanasubiri daladala barabarani.

Hatua ya 1: Hesabu mwezi

Anza safari mwezi 15 au mwezi mosi kwa kalenda ya Kiislamu. Siku hizo ni za bamvu, na upande huu maji ya bamvu hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku saa husogea mbele, nusu saa au zaidi kidogo wakati wa bamvu. Siku nne zako zitakuwa hivi kwa makadirio: maji yamepwa saa nne na robo, saa tano kasorobo, saa tano na nusu, saa sita. Una nafasi ya kutembea kwa muda wa saa tatu kabla ya hapo na muda wa saa tatu baada yake.

Ukianza mwezi 7 au 8 utakutana na maji mafu. Hayo hayapwi sana, na mbaya zaidi hujaa asubuhi, saa ileile uliyotaka kutembea. Mchana unaachiwa jua kali na mchanga laini wa juu.

Mwandamo unaweza kutofautiana siku moja, basi hakiki kwa jedwali la maji la Zanzibar na uweke akiba ya nusu saa. Angalia pia unavyosoma saa. Simu ikiandika 10:15, hiyo ni saa nne na robo. Ukimwambia mwenzako "saa kumi", atafika bahari imejaa pomoni, kwa sababu tofauti ya saa sita ndiyo hasa tofauti ya kupwa na kujaa.

Hatua ya 2: Chagua upande wa upepo

Wakati wa kaskazi, Desemba hadi mapema Machi, tembea kutoka Matemwe kwenda kusini. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, geuza: anzia Makunduchi, upepo uwe mgongoni. Kilomita 17 uso kwa uso na kusi, mchanga ukikupiga machoni, si mapumziko tena. Masika iache. Julai ulizia kwanza siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, maana Makunduchi hujaa wageni.

Hatua ya 3: Begi na miguu

Begi lisizidi kilo 7. Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu kila asubuhi, kwani kati ya kijiji na kijiji hakuna pa kujaza. Kofia pana, shati la mikono mirefu, na kanga au shuka ya kujifunika unapoingia kijijini. Mavazi ya kuogelea yaishie ufukoni. Simu na nguo ziwe kwenye begi lisilopitisha maji. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, usije nayo. Chukua pesa taslimu za kutosha.

Viatu ndiyo habari yenyewe. Kandambili hunasa kwenye mchanga mbichi na kukatika kwenye mawe ya matumbawe. Buti za ngozi zikilowa chumvi hukauka ngumu na kuchuna visigino. Vaa viatu vyepesi vya kufunga kamba, vyenye soli ngumu, vinavyotoa maji, na soksi nyembamba. Tembea kwenye mchanga mbichi ulio tambarare. Ule wa juu umeinama, na ukiufuata siku nzima mguu mmoja huwa chini ya mwenzake, jioni nyonga inauma.

Hatua ya 4: Siku zenyewe

Siku ya kwanza, Matemwe hadi Kiwengwa kupitia Pwani Mchangani, ni kilomita 14 hivi. Daladala ya Matemwe ni namba 118. Ondoka saa mbili. Ni siku rahisi.

Siku ya pili ni ndefu: Kiwengwa, Pongwe, Uroa, Marumbi, Chwaka, takriban kilomita 18. Ondoka saa mbili kamili, kwa sababu majabali kati ya Kiwengwa na Pongwe hupitika chini yake maji yakiwa yametoka tu. Ukifika Chwaka kama saa nane, pumzika ule. Ghuba ya Chwaka ni ya kina kidogo na maji yakipwa mashua hukwama, kwa hiyo vuka saa kumi kwenda Michamvi Kae. Kubaliana bei kabla ya kupanda. Anayegeuza njia huvuka saa hiyohiyo kutoka Kae.

Siku ya tatu usikurupuke. Kutoka Kae vuka rasi kwa miguu hadi Pingwe, uanze saa tatu na nusu. Kipimo kipo mbele ya macho: mgahawa uliojengwa juu ya jabali baharini. Wateja wakiuendea kwa miguu, njia iko wazi. Wakivushwa kwa mashua, subiri. Kupitia Dongwe na Bwejuu hadi Paje ni kama kilomita 14.

Siku ya nne, Paje, Jambiani, Makunduchi, ni kilomita 17 hivi. Ondoka saa tatu ili ufike mwisho wa Jambiani mnamo saa tano na nusu, maana majabali yanaanza baada ya hapo na yanataka maji ya saa sita. Ukichelewa, ishia Jambiani. Daladala 309 ipo.

Paje na Jambiani utapita kando ya mashamba ya mwani, yaliyoanza hapa mwaka 1989. Zunguka nje ya vijiti na kamba, usikate katikati: mwani hukatika, na kijiti kilichofunikwa na maji kidogo tu huchoma unyayo.

Hatua ya 5: Yanayoharibika

Maji hayarudi kama ukuta. Hujaza kwanza mikondo iliyo karibu na nchi kavu, huku fungu la mchanga uliposimama bado kavu. Unapiga picha, ukigeuka umezungukwa. Waangalie akina mama wa mwani: wakianza kurudi pwani na magunia kichwani, rudi nao.

Kwenye maji ya goti, buruza miguu ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, asikie na kuondoka. Akikuchoma, au ukikanyaga wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu, tia mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, dakika 30 hadi 90, kisha nenda kituo cha afya. Jeraha la matumbawe lioshe kwa sabuni na maji safi yasiyo ya chumvi mpaka chembe zote zitoke. Chembe iliyobaki ndiyo inayofanya kidonda kisipone.

Makunduchi panda daladala 310 kurudi mjini. Viatu visuuze kwa maji ya kisima usiku huohuo, vinginevyo chumvi italegeza gundi ya soli.